Aksanti ya Katembo

Saa kumi na moja alfajiri maji ya Kivu yana baridi ya chuma.
Nazamisha bidoni la njano. Linameza hewa, linakohoa, linajaa.
Lita ishirini. Naliziba mdomo kwa kipande cha nailoni,
maana kifuniko kilipotea mwaka ule wa mlima.

Kutoka ufukoni hadi Majengo njia ni ya kupanda,
na mawe meusi yanazila kandambili kuanzia kisigino.
Wenye chukudu wananipita wakishuka na magunia ya makala;
mmoja anapiga mluzi: "Shemasi! Leo tena?"
Nainamisha kichwa kwa unyenyekevu,
unyenyekevu niliouinua kidogo ili auone.

Mkono wa kulia ukichoka, nahamishia wa kushoto.
Basi msiniambie kwamba wa kushoto haujui.
Una sugu kama mwenzake,
na Jumapili, wakati wa matangazo,
yote miwili inakaa mapajani
ikingoja kutajwa.

Koko Kyakimwa haoni.
Mtoto wa jicho alimfungia dunia;
mtoto wa tumbo alienda Rubaya kuchimba, hakurudi.
Anasikia bidoni likigusa sakafu ya mbao
na kutoka kitandani anasema:
"Aksanti, Katembo."

Siku ya kwanza nilicheka. Ya pili nilikohoa.
Ya tatu nikasema, "Koko, ni mie, Shemasi Bauma."
Akajibu, "Ndiyo, Katembo. Weka karibu na sufuria."

Wiki ya tano alisimama kanisani,
ameshikwa kiwiko na binti wa jirani, akatoa ushuhuda:
mwanangu hajanisahau,
kila asubuhi ananiletea maji.
Vigelegele vikapasua mabati. Pasteri akafuta miwani.
Nami, benchi la pili, jina langu mdomoni
moto kama kiazi kilichotoka majivuni:
nikilimeza linaunguza, nikilitema watu wanaona.

Jumatatu sikwenda.
Jumanne nilimwambia Mungu mgongo unauma,
na Mungu, anayeujua mgongo wangu, hakujibu.
Jumatano yule binti akanikuta sokoni Virunga:
"Koko anakaa mlangoni na kikombe.
Tukimpa maji anakataa, anatuambia,
'Ngojeni, Katembo ana kazi nyingi, atafika.'"

Alikuwa ananitetea,
akinitetea kwa jina la mtu mwingine.
Nikasimama pale kati ya sombe na dagaa,
nikaona siku zote hizi nilikuwa nachota kiu yangu mwenyewe,
naibeba mlimani, naimiminia katika nyungu ya mama wa watu,
halafu namdai chenji.

Alhamisi nilifika kabla jogoo hajamaliza.
Bidoni likagusa mbao.
"Aksanti, Katembo."
Nikasema, "Ee, Mama."

Sijui kama ule ni uongo. Nitaulizwa, nitajibu.
Najua tu kwamba alikunywa kwa pumzi moja,
maji yakamtiririka kidevuni hadi kwenye kitenge,
na kwa muda wa kikombe kimoja
mle ndani hapakuwa na shemasi.

Halafu nikashuka, na kabla ya kufika barabara ya lami
nilikwisha kujisifu kwa kunyamaza kwangu.
Ona, kimeota tena, kama majani kwenye ufa wa lava:
hakuna aliyepanda, hakuna anayemwagilia.
Na leo nimeandika. Mmejua ninyi wote.
Shairi nalo ni mluzi wa kuwaita watu wa chukudu.

Bwana, sikuombi moyo mweupe wote kwa mara moja;
mji huu umejengwa juu ya jiwe jeusi, na wewe unaujua.
Nipe asubuhi moja tu
nibebe maji
nikiwaza maji.

Kifuniko kipya nimenunua, franka mia tano.
Hilo sikutaka kulisema.